Mintarafu ya Waya Mrefu

Aghalabu mtu anunuapo chombo cha muziki hutumia wasaa mrefu kukitafakari chombo chenyewe: huuliza nguvu zake, hukipiga konzi ubavuni, hulinganisha sura yake na ya kile alichokiona kwa shemeji yake, hata saa ya mwisho, fedha zikiwa zimekwisha na utingo wa matatu akimwita abiria wa kujaza kiti, ndipo akumbukapo kwamba vyombo viwili haviwezi kusemezana pasipo waya, akaokota wowote ule uliotundikwa mlangoni mwa duka. Waya huo ulionunuliwa bila nadhari ndio utakaobebeshwa lawama zote za baadaye. Sauti ikififia, ni waya; ikivuma, ni waya; watoto wakipunguza nyuzi za besi kwa kuchezea vitufe, ni waya vilevile. Nimeliona jambo hili katika nyumba nyingi za kwetu Kabuchai, na kwa kuwa lilinifika mimi pia, nikapata kulichungua kwa utulivu ule ambao mwalimu huupata akishastaafu, nimeona si vibaya kuliandika.

Nchi yetu imekaa chini ya Mlima Elgon, ambao sisi Wabukusu huuita Masaba, na mtu wa Kabuchai ana njia mbili za kwendea mjini: akitaka hushuka Bungoma, na asipotaka hupita Kimilili na Kamukuywa akaingia Kitale. Mahitaji madogo madogo humalizwa sokoni Chwele. Umeme ulichelewa kutufikia. Sheria ya Nishati ya mwaka 2006 iliunda mamlaka ya kuusambaza umeme vijijini, na mwaka 2015 serikali ikaanzisha mradi wa kuziunganisha nyumba zilizo katika mita 600 za transfoma. Mwaka huohuo Kenya ikazima matangazo ya televisheni ya analogia, na kila mwenye televisheni akalazimika kutafuta king'amuzi. Mambo hayo mawili yalipokutana yaligeuza sebule za vijijini. Nyumba iliyowashwa taa wakati wa kupalilia mahindi haikukosa kuwa na wufa kabla ya Krismasi, na ilikuwa wufa ya namna ileile kila mahali: sanduku moja kubwa lenye amplifaya tumboni mwake, na spika mbili ndogo za kuliandama, bei yake ikiwa ndani ya uwezo wa mtu aliyeuza magunia machache.

Yangu ilikuja kwa njia nyingine. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alirudi kutoka kazini Qatar na mizigo mingi kuliko alivyoweza kuieneza katika nyumba ya mamaye, akaniletea risiva moja, spika zake, na sabufa ya peke yake, nzito kama inavyopaswa kuwa, yenye amplifaya yake na plagi yake ya miguu mitatu. "Khocha," aliniambia, "hiki si chombo cha kuweka chini ya televisheni. Kitafutie mahali pake." Akarudi zake kwa waajiri wake, nikabaki na chombo kinachotafutiwa mahali.

Yafaa nieleze kwa nini sanduku hilo linatafutiwa mahali, maana hapo ndipo urefu wa waya unapozaliwa. Sikio la binadamu husikia, kwa kadiri ya afya yake, tangu mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000. Sabufa huchukua sehemu ya chini tu ya mawanda hayo, na katika michezo ya sinema njia maalumu iliyotengwa kwa sauti nzito haipandi zaidi ya mitetemo 120. Sauti nzito namna hiyo ina sifa mbili. Ya kwanza ni kwamba mawimbi yake ni marefu mno: wimbi la mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita 7, hata sikio, lililo dogo mbele ya kitu kikubwa hivyo, haliwezi kutambua litokako, na ndiyo sababu sabufa inaweza kukaa nyuma ya kochi ilhali msikilizaji akadhani besi inatoka kwa mwimbaji aliye mbele yake. Ya pili ni kwamba mawimbi hayo, yakikutana na kuta, hurudi na kupambana yenyewe kwa yenyewe. Mahali pamoja yakaongezeana nguvu, mahali pengine yakafutana. Sebule yangu ina urefu wa mita 6. Katika chumba cha urefu huo sauti ya mitetemo 57 kwa sekunde hufifia ajabu ukikaa mita moja na nusu kutoka ukuta wa nyuma, na kwa bahati mbaya ndipo palipokuwa na kiti changu cha miaka yote. Nyuzi za chini za gitaa la besi zimo katika jirani hiyo. Nilipokuwa nikisikiliza muziki wa zamani, wa kina Daudi Kabaka na wenzake, mpiga besi alikuwa akija na kutoweka, akija na kutoweka, na mabati juu yetu yakitetema kwa sauti ambazo mimi niliyekaa chini yake sikuzisikia.

Dawa yake ni rahisi, na humfanya mzee achekwe na wajukuu. Sabufa hupakatwa juu ya kiti cha msikilizaji, muziki ukafunguliwa, kisha mwenye nyumba hutembea akiinama kando ya kuta, masikio yakiwa kwenye kimo ambacho sanduku lingekaa, mpaka afike mahali ambapo besi inasikika sawa, haivimbi wala haifi. Hapo ndipo sabufa inapowekwa, na mtu hurudi kwenye kiti chake. Nilitambaa hivyo. Mahali palipopatikana palikuwa pembe ya mwisho kabisa, mkabala na televisheni, upande wa pili wa mlango.

Basi nikahitaji waya mrefu. Urefu gani? Fundi wa umeme aliyekuwa akinifungia taa za uani alitupa jicho akasema mita 7 zitatosha, na kwa jicho hakusema uongo, kwani chumba cha mita 6 kwa 4 kina mita 7 na kidogo kutoka pembe hadi pembe. Lakini waya haupiti hewani katikati ya watu walioketi. Unafuata ukuta mita 6, unapinda unafuata mwingine mita 4, na njiani unakutana na mlango, nao hauwezi kuvukwa chini, maana kila apitaye ataukanyaga, hivyo hupanda kwenye fremu mita 2 na zaidi, huvuka juu, hushuka mita 2 na zaidi. Ukijumlisha unapata mita 14 na ushei, na ukiacha kiasi cha kuvuta sanduku wakati wa kufagia, ni mita 15. Hesabu hii ni ya mtoto wa darasa la nne. Hata hivyo nimewafahamu watu wazima walionunua mita 10 kwa kukisia, wakaunga kipande kwa utepe mweusi, na kiungio hicho kikawa ndicho mlango wa maradhi yote.

Njia ya dari ilifikiriwa pia. Nikaikataa kwa sababu mbili: juu ya dari yetu ndiko nyaya za umeme zinakopita, na ndiko panya wanakokimbilia mahindi yakishaingizwa ghalani. Fundi wangu akapendekeza tuupitishe ndani ya bomba lilelile la nyaya za umeme, kwa kuwa lilikuwa na nafasi. Hilo nalo nililikataa, na nitalieleza punde. Ila tangu sasa niseme kwamba hata lisingeleta mvumo, waya mdogo wa muziki haukuvikwa ngozi ya kustahimili volti 240 za jirani yake siku ngozi ya huyo jirani itakapochubuka.

Nikaenda dukani, katika mji mmojawapo wa miji yetu miwili, wala sitautaja. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno matamu. Akanionyesha kebo nene kama kidole, yenye vichwa vya rangi ya dhahabu na ngozi ya zambarau iliyosukwa, akanieleza kwamba waya mrefu hula besi, kwamba kila mita ipitayo huinyonya sauti, na kwamba mtu anayetaka mita 15 hana budi kununua ile iliyo ghali kupita zote ili ile hasara ifidiwe. Bei aliyoitaja ilikuwa bei ya mbuzi mwenye afya. Sikubishana naye, kwani maduka hayajengwi kwa ajili ya mijadala. Lakini maneno yake, kwamba waya mrefu hula sauti, yalinirudisha nyuma sana, kwa sababu utotoni mwangu nilifundishwa kinyume chake kabisa.

Marehemu baba alikuwa na redio iliyokula betri kavu kubwa kubwa, na kwa kuwa sisi tuko mbali na Nairobi, alifunga waya wa shaba dirishani akauvuta mpaka kwenye mkaratusi uliokuwa nyuma ya zizi. Kila sauti ilipofifia, ilikuwa kazi yetu watoto kupanda na kuuongeza. Ndivyo tulivyoisikia Sauti ya Kenya, jina ambalo shirika la utangazaji la nchi yetu lilipewa mwaka 1964 na kulivua mwaka 1989. Ndivyo tulivyomsikia Leonard Mambo Mbotela akiuliza kama huu ni ungwana, katika kipindi kilichoanza mwaka 1966 na ambacho baba alikitumia kutukanya kila siku iliyofuata. Kanuni ya nyumba yetu ilikuwa wazi: waya mrefu huleta sauti. Na sasa, mvi zikiwa kichwani, naambiwa waya mrefu huila.

Niliyapambanua mambo hayo mawili kwa msaada wa mtu ambaye hana duka. Ni kijana niliyemfundisha hesabu zamani, ambaye sasa hukodisha vyombo vya sauti kwa harusi, mikutano ya injili na matanga, akibeba spika zake na jenereta kutoka Nalondo hadi Mukuyuni. Watu wa kazi hiyo hawaheshimiwi ipasavyo, kwa sababu ya zile disko za matanga zinazokesha hadi alfajiri, ambazo machifu wamezipiga marufuku mara kwa mara; lakini mintarafu ya nyaya ndefu hakuna mwalimu awashindaye, kwani mitambo yao ya kuchanganyia sauti hukaa chini ya hema la wageni na spika zao hukaa kule kwenye migomba.

"Mwalimu," aliniambia, akiukunjua waya wake mkononi, "waya hauharibiwi na urefu. Unaharibiwa na kile unacholala kando yake."

Nikamwomba anieleze, naye akaeleza vyema kuliko vile nilivyomweleza yeye sehemu na desimali. Waya wa baba ulikuwa mrefu na mtupu, ukiwekwa hewani kwa kusudi la kudaka kila kinachopita. Waya wa sabufa nao, ukiwa mrefu na mtupu, hudaka kila kinachopita, na kinachopita ndani ya nyumba ni umeme wa taa na friji na pasi. Kwa hiyo huvikwa. Katikati mna uzi mmoja wa shaba unaobeba muziki; juu yake mna povu la plastiki; juu ya povu mna karatasi ya madini; na juu ya karatasi mna shuka la nyuzi nyembamba zilizosukwa, nalo ndilo likamatalo uchafu wa nje na kuurudisha lisiuache ufike ndani. Hilo ndilo umbo la kebo ya dishi, ile inayoshuka paani katika kila nyumba ya kijiji. Nikamwuliza kama ananishauri niweke kebo ya dishi. Akasema hilo hasa ndilo alilokuwa akilisema, maadamu uzi wake wa ndani ni wa shaba na shuka lake ni zito. Kwani ziko kebo za dishi ambazo uzi wake ni chuma kilichopakwa shaba na shuka lake ni nyuzi za alumini za kuhesabika, nazo hufaa dishi lakini si zote zifaazo sabufa.

Habari ya kuliwa kwa besi niliipima mwenyewe kwa kalamu, na wasioipenda hesabu wairuke aya hii. Kati ya uzi wa ndani na shuka la nje umeme hujihifadhi kidogo. Wataalamu huiita tabia hiyo kapasitansi, nayo huongezeka kadiri waya unavyorefuka, na ni kweli kwamba hupunguza sauti. Lakini hupunguza kuanzia juu, kwenye sauti nyembamba kabisa, wala haianzii chini. Kebo nzuri ya dishi ina pikofaradi 55 hivi kwa kila mita. Mita 15 zina 825. Ikiwa risiva inatoa sauti kwa ukinzani wa omu 1,000, kiwango ambacho vyombo vingi vya nyumbani havikipiti kwa mbali, basi upungufu wenye maana hutokea kwenye mitetemo karibu 190,000 kwa sekunde. Popo mwenyewe angesikia sehemu tu ya hiyo. Sabufa, tumekwisha kusema, hukoma kwenye 120. Hata ukichukua kebo mbaya mara tatu, upungufu huangukia penye 60,000 na ushei, nako ni mbali vilevile. Yule muuzaji, kwa hiyo, alikuwa akiniuzia dawa ya maradhi ambayo sabufa haiyaugui.

Akanionyesha pia kebo anazozitumia mwenyewe, za pini tatu, ambamo muziki hupita katika nyuzi mbili, mmoja ukibeba kinyume cha mwenzake, hata uchafu ukiingia huingia katika zote mbili kwa kiasi kimoja, na mwisho wa safari chombo hutoa hiki katika kile, uchafu ukafutika, muziki ukabaki. Ni werevu mkubwa, na ndio unaomwezesha kuvuka uwanja mzima wa kanisa. Lakini vyombo vingi vya nyumbani, na changu kimojawapo, vina tundu la pini moja tu, na kununua vigeuzi kwa ajili ya mita 15 ni anasa. Kuhusu vile visanduku vya kurusha sauti bila waya, alivifanyia dhihaka fupi: vipo, hufanya kazi, na vingine huchelewesha besi mpaka mlango wa sinema unafungwa kwanza ndipo kishindo chake kifuate.

Akanikatia mita 15, akalehemu vichwa viwili kwa bati na moto mdogo, akavuta kwa nguvu kuona kama vitang'oka, havikung'oka. Tukaupitisha waya kando ya kuta, mbali na soketi kiasi cha shubiri moja na nusu, na pale usipoepukika mkutano wake na waya wa umeme tukazipishanisha msalaba, zisiandamane, maana nyaya mbili zilizoandamana masafa marefu huambukizana, ila zikipishana msalaba huambukizana kidogo mno. Hapo mtaona kwa nini nililikataa lile bomba.

Tukawasha. Ukatoka mvumo.

Ulikuwa mvumo mzito, wa namna moja, usiopanda wala kushuka, ukisikika hata muziki ukiwa umezimwa. Fundi wa umeme, aliyekuwa amekuja kutazama, akaunyoosha mkono kuuonyesha waya mrefu, akasema alijua. Jirani yangu akasema alijua. Mke wangu hakusema kitu, lakini aliutazama ule waya uliozunguka mlango wake mpya kwa namna ambayo hakimu humtazama mshtakiwa mwenye rekodi. Ni tabia ya watu kukitia hatiani kitu kirefu, kigeni na chenye kuonekana, kwa sababu vitu vifupi vilivyojificha nyuma ya kabati havina nafasi ya kushukiwa.

Kijana wangu hakujitetea. Aliuchomoa waya kwenye sabufa: kimya. Akaleta waya mfupi wa mita moja kutoka mfukoni, akaibeba sabufa mpaka kando ya risiva, akaunga: mvumo ukarudi vilevile, haukupungua hata chembe. Kwa tendo hilo moja waya mrefu uliachiliwa huru. Kisha akaenda nyuma ya televisheni, akaanza kung'oa kimoja kimoja: kicheza sinema, mvumo upo, televisheni yenyewe, upo, na alipoifungua kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi, mvumo ukakatika kama uliokatwa kwa kisu.

Maelezo yake ni haya. Umeme wa Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mitetemo 50 imo katikati kabisa ya nchi inayotawaliwa na sabufa; spika ndogo haziwezi kuitoa, ndiyo sababu mtu huishi na uchafu huo miaka bila kuusikia, na siku anapoleta sabufa hudhani sabufa ndiyo iliyouleta. Sabufa yangu, kwa plagi yake ya miguu mitatu, imeshikwa na ardhi kwa ile nondo iliyopigwa chini karibu na mita ya umeme. Risiva na king'amuzi vina plagi za miguu miwili, havishiki ardhi popote. Lakini dishi limefungwa kwenye mti wa chuma uliosimikwa uani, na shuka la kebo yake limeushika mti huo, na mti umeishika ardhi kwa njia yake wenyewe. Hivyo chombo kimoja kina ardhi mbili, nazo hazilingani, ni kama mifereji miwili ya shamba moja iliyochimbwa kwa vina tofauti: ukiiunganisha, maji hayakosi kutembea. Kilichoiunganisha ni shuka la waya wa sabufa, na kilichotembea ndicho tulichokisikia. Na hapa, kwa insafu, yatupasa tuutetee uzito wa shuka, kwa maana mkondo huo mdogo ukipita katika shuka jembamba lenye ukinzani mwingi huacha mvumo mwingi, ukipita katika shuka zito la shaba huacha mdogo. Hiyo ndiyo sababu moja ya kweli ya kulipa zaidi kidogo kwa waya mrefu. Dhahabu ya kichwani na rangi ya zambarau hazimo katika sababu hiyo.

Dawa haikuwa ghali. Waya mnene wa shaba ulifungwa kutoka kwenye mti wa dishi na shuka la kebo yake hadi kwenye ile nondo ya nyumba, ardhi mbili zikawa moja, na risiva, televisheni, king'amuzi na sabufa vikalishwa kutoka soketi moja. Mvumo uliobaki husikika kwa mtu aliyeegemeza sikio kwenye sanduku, na watu wa namna hiyo hawaalikwi kwangu. Lau ungebaki zaidi, kuna visanduku vidogo vyenye transfoma ndani, vya kupitishia sauti na kuzuia ule mkondo, vinavyowekwa kwenye waya wa sabufa. Nilishauriwa na mmoja niviweke kwenye kebo ya dishi badala yake. Ushauri huo haufai, kwa sababu kebo hiyo hupeleka umeme wa kulisha kile kichwa cha dishi, nao ukizuiwa picha hutoweka.

Wenye wufa za kawaida, ambao ndio wengi, wataniuliza haya yanawahusu nini, ilhali kwao sanduku lina amplifaya ndani na nyaya zao ndefu ni zile ziendazo kwenye spika ndogo. Yanawahusu kwa kinyume. Waya wa spika haubebi ishara ndogo, hubeba nguvu yenyewe, na hapo unene ndio hoja. Mita 10 za waya wa shaba wa nusu milimita mraba, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa karibu omu 0.7, na spika ya omu 4 itaona kwamba imenyang'anywa sehemu ya haki yake. Waya wa milimita mraba 2.5, ule wa soketi za nyumba, hauna hata omu 0.15. Hauhitaji shuka. Kwa hiyo mtu anayetumia waya mwembamba wa spika kwa sabufa, au kebo ya dishi kwa spika, amebadilisha viatu miguuni.

Jambo la majirani nitalipita upesi, kwani kanuni za kelele zilizotolewa nchini mwaka 2009 zinajieleza zenyewe, ila mjue kwamba sauti nzito hupenya ukuta wa matofali ambao sauti ya mwimbaji haiupenyi, na mwenye mgonjwa nyumba ya pili huipata besi peke yake, bila wimbo.

Kuna shauri moja ambalo hutolewa kwa wepesi na mafundi wasiopenda kutafuta: kwamba mvumo ukizidi, ukate mguu wa tatu wa plagi. Mvumo utakoma, ni kweli, kwa kuwa ardhi moja imeondolewa. Lakini mguu huo uliwekwa ili siku waya wa ndani utakapogusa chuma cha sanduku umeme upate njia ya kwenda ardhini isiyo mwili wa mtoto aliyelishika. Nawasihi wasomaji wangu msiukate, wala msimruhusu mtu kuukata akiwa nyumbani mwenu. Na mvua za masika zikianza kunguruma upande wa Masaba, ng'oeni plagi pamoja na kebo ya dishi: hakuna waya wa sabufa, mfupi wala mrefu, ulioundwa kuhimili radi.